Sheria Haipigi Hodi: Niliyoyapitia kwenye Kiti Mwendo Denver

Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Marekani, wawe wa Tanga kama mimi, wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Bukavu, ambao wamepata ulemavu wakiwa huku au wanamuuguza mtu aliyeupata. Nilipoumia nilitafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili nianzie wapi, nikamkosa. Madaktari walinieleza mwili wangu vizuri. Habari za basi, nyumba, kazi na msikiti nilizijua kwa kuzipitia, na nyingine nilizijua fedha zikiwa zimeshatoka.

Jambo kubwa nitalisema mapema, maana mengine yote yanatoka hapo. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya nchi hii, ile inayoitwa ADA, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990, ina nguvu sana, lakini haipigi hodi kwa mtu. Hakuna mkaguzi anayepita mtaani kupima milango ya maduka. Inafanya kazi pale mtu anapodai, na hasa anapodai kwa maandishi. Sisi tumelelewa tofauti. Tumefundishwa kuvumilia, kutosumbua watu, kumshukuru Mungu hata pale tunapougulia ndani kwa ndani. Tena tukiwa wageni katika nchi ya watu tunaona kulalamika ni utovu wa shukrani. Simlaumu mama yangu kwa kunilea hivyo, na wanangu nimewalea hivyohivyo. Lakini ujue kwamba mbele ya ofisi za huku, mtu asiyesema shida yake huandikwa kuwa hana shida.

Niliumia majira ya baridi nikitoka zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo. Barabara ilikuwa na barafu, gari likateleza likapinduka. Uti wa mgongo uliumia, na miguu haijarudi tangu siku hiyo.

Kiingereza changu kilinitosha kazini, hospitali hakikunitosha. Siku daktari alipokuja kueleza matokeo ya picha hakukuwa na mkalimani, wakamwomba binti yangu atafsiri. Wakati huo alikuwa na miaka 12. Nilimwona anamtazama daktari, kisha ananitazama mimi, anatafuta namna ya kumwambia mama yake kwamba hatatembea tena. Jambo lile lilimkaa moyoni muda mrefu. Msaidizi mmoja wa wauguzi, mama wa Kikongo, alimvuta mume wangu pembeni akamwambia, "Baba, mtoto asitafsiri tena. Waambie mnataka mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yenu, na hamlipi kitu."

Alisema kweli. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote huzipokea kupitia bima za afya za serikali, Medicare na Medicaid, inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na mtoto mdogo hatakiwi kutumiwa isipokuwa kwenye dharura. Ndugu aliye kiziwi ana haki ya mkalimani wa lugha ya alama, kwa ADA na pia kwa kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 iitwayo Rehabilitation Act. Tangu siku ile tulizungumza na daktari kupitia mkalimani wa simu au wa skrini. Mara alikuwa Mkenya, mara Mkongo, na tulielewana vizuri. Ukifika mapokezi, taja lugha yako hapohapo na uhakikishe wameiandika kwenye faili.

Habari za malipo ya ulemavu ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali kuu, nitazipita haraka, kwa kuwa kila mtu ana hesabu yake. Kwa aliyefanya kazi na kukatwa michango ya kutosha, kuna miezi mitano ya kusubiri kabla ya malipo kuanza, na Medicare huja baada ya miezi 24 ya kustahili malipo hayo. Maombi mengi hukataliwa mara ya kwanza. Ukikataliwa una siku 60 za kukata rufaa. Wakili wa mambo haya kwa kawaida hulipwa ukishinda tu, asilimia 25 ya malimbikizo yako, na juu yake kuna kikomo kilichowekwa na serikali. Kwa hiyo mtu akikutaka fedha taslimu ili "akujazie fomu ipite", hata kama mnatoka kijiji kimoja, achana naye.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani ndipo nilipoona ukubwa wa jambo lenyewe. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya chini kwenye jengo la zamani, na mlango wa kuingilia una ngazi tatu. Mume wangu na rafiki zake walinunua mbao, wakatengeneza njia ya mteremko Jumapili moja. Waliifanya kwa upendo, lakini ilikuwa fupi na kali. Kiti kilirudi kinyumenyume nami nikiwa juu yake, tukaanguka wote. Kipimo cha huku ni kwamba kila inchi moja ya kupanda inataka urefu wa inchi 12, si chini ya hapo. Ngazi tatu za inchi saba ni inchi 21, basi mteremko wake ni futi 21. Urefu huo unazidi gari la familia. Hauwezi kukisiwa kwa macho, na mara nyingi inabidi upinde kona ili utoshe mbele ya nyumba.

Mwenye nyumba akatuambia hataki kitu chochote kijengwe pale. Alisema kwa mdomo, nasi tukapokea kwa mdomo, tukaanza kutafuta pa kuhamia. Miezi ile nilitoka nje kwa kubebwa tu. Nikitaka kwenda kliniki, mume wangu ananibeba, jirani anabeba kiti. Mume akiwa kazini, sitoki. Nilikuwa nakaa dirishani nikiwaza kwamba nimekuwa mzigo, na nilianza kukataa hata kula mchana ili nisihitaji kusaidiwa chooni. Hayo yanatokea kwenye nyumba nyingi na hayasemwi. Kama uko hapo sasa, mwambie mtu leo.

Kilichotutoa ni kituo cha kujitegemea, yaani ofisi inayowasaidia watu wenye ulemavu wajiendeshee maisha yao wenyewe. Vituo hivi viko kila jimbo, na sheria inataka wengi wa wanaoviongoza wawe watu wenye ulemavu wenyewe. Kile cha Berkeley, California, kilichoanza mwaka 1972, ndicho kilichowaonyesha wengine njia. Mmoja wa waanzilishi wake ni Ed Roberts, aliyepooza kwa polio akiwa kijana na akawa anapumua kwa msaada wa mashine. Aliyenipokea mimi alikuwa mwanamke kwenye kiti kama changu. Hakuniambia pole. Alifungua kompyuta akaniuliza jengo letu lilijengwa mwaka gani.

Swali hilo lina uzito. Majengo ya nyumba nne au zaidi yaliyoanza kukaliwa baada ya tarehe 13 Machi 1991 yanatakiwa yawe na njia na milango ya kupitisha kiti mwendo, walau kwa nyumba za ghorofa ya chini. Letu lilikuwa la kabla ya hapo. Ikabaki haki nyingine: sheria ya makazi, kwa marekebisho ya mwaka 1988, inamkataza mwenye nyumba kumzuia mpangaji mwenye ulemavu kufanya marekebisho ya busara. Sehemu ya fedha ndiyo inayowakasirisha wengi, kwa hiyo isikie mapema. Nyumba ikiwa ya mtu binafsi, anayelipia marekebisho ni mpangaji. Ikiwa inapata ruzuku ya serikali kuu, kwa kawaida anayelipa ni mwenye nyumba. Sisi tulilipa wenyewe, karibu dola elfu tatu kwa mteremko wa alumini unaofungika na kufunguka. Zilikuwa fedha za kiwanja cha Tanga, na iliniuma. Ila tulichagua wa kufungua ili siku ya kuhama tuondoke nao. Nafasi ya maegesho karibu na mlango ni habari tofauti. Hiyo ni kubadilisha utaratibu tu, si ujenzi, na hupaswi kutozwa ada ya ziada kwa kuiomba.

Barua tuliyoandika haikuzidi ukurasa mmoja. Ilisema natumia kiti mwendo, nahitaji njia ya mteremko ili niingie na kutoka nyumbani kwangu, tutalipia sisi, itajengwa kwa vipimo vinavyotakiwa, na tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe tuliyoitaja. Hatukutukana, hatukulia, hatukueleza historia ya ajali. Nakala tukabaki nayo. Jibu lilikuja, amekubali. Mtu yuleyule aliyetukatalia mlangoni alitukubalia kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi inaweza kufika mbele ya hakimu. Siku hiyo nilielewa kwamba miezi niliyokaa dirishani haikuletwa na ngazi peke yake.

Baada ya nyumba, basi. Kwetu ninyi mnajua daladala: konda anamwona mtu wa magongo kituoni, anagonga bodi, gari linaondoka. Denver, mji wa jimbo la Colorado ninakoishi, nayo ilikuwa na mabasi yasiyo na lifti. Tarehe 5 Julai 1978, kwenye makutano ya barabara za Colfax na Broadway, watu 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi mawili kwa viti vyao, wakakesha hapohapo barabarani mpaka siku ya pili. Wengi wao walikuwa vijana waliokuwa wamefungiwa kwenye nyumba za kutunzia wazee, wakatolewa huko na mchungaji Wade Blank, mmoja wa waanzilishi wa Atlantis, jumuiya ya kuwasaidia watu wenye ulemavu waishi wenyewe mitaani. Mwaka 1983 likazaliwa hapahapa Denver kundi la ADAPT, likabeba vita vya mabasi nchi nzima. Na tarehe 12 Machi 1990 wanaharakati hao waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge kule Washington, wakazipanda kwa kutambaa, akiwemo mtoto wa miaka minane, Jennifer Keelan. Miezi minne baadaye sheria ikasainiwa.

Nimekwenda pale Colfax na Broadway, nimeliona bamba la kumbukumbu yao. Tangu hapo sikumwomba tena dereva radhi kwa kumchelewesha. Zamani kila rampu iliposhushwa nilikuwa nikisema samahani, samahani, kwa abiria wote. Sasa nasema asante, nakaa mahali pangu.

Na haki za ndani ya basi ni hizi. Ukiomba rampu au lifti, dereva anatakiwa akushushie, hata kama kwa kukutazama anaona unaweza kupanda. Anatakiwa awaombe waliokaa sehemu ya viti mwendo wahame. Anatakiwa akusaidie kufunga mikanda ya kukizuia kiti. Vituo vikuu vinatakiwa vitangazwe, na hilo linamfaa sana asiyeona. Lifti ikiwa mbovu, na basi jingine lenye lifti nzima haliji ndani ya dakika 30, shirika linatakiwa likutafutie usafiri mwingine mara moja. Asubuhi moja ya theluji dereva aliniona kituoni, akapunga mkono kwamba gari limejaa, akaondoka. Halikujaa, niliwaona watu ndani wamekaa kwa nafasi. Nililia njiani nikirudi, kisha nikaandika: namba ya basi, njia, upande lililokuwa linaelekea, saa na dakika, tarehe. Malalamiko bila namba ya basi hayafiki popote, kwa hiyo piga picha basi linapoondoka. Waliniandikia barua kwamba dereva amerudishwa mafunzoni. Kama amerudi kweli sina njia ya kujua, lakini kwenye njia ile sijapitwa tena. Shirika likikupuuza, kuna ofisi ya usafiri ya serikali kuu inayopokea malalamiko, na siku za kuyapeleka ni 180 tangu tukio.

Kuna pia gari dogo la kukufuata nyumbani, kwa wasioweza kutumia basi la kawaida. Hapa ndipo Waswahili tunapojikosesha haki kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unajaza fomu, kisha mara nyingi unaitwa kwenye mahojiano. Anayekuhoji hataki jina la ugonjwa wako. Anataka kujua kitu gani kinakuzuia kufika kituoni, kupanda, na kushuka. Sasa mtu wetu anaulizwa, unaweza kufika kituoni mwenyewe? Anajibu, najitahidi, tunamshukuru Mungu. Anaulizwa, unaendeleaje na maumivu? Anajibu, nafuu ipo, si haba. Anayeandika anaandika: anaweza. Nimemsindikiza mzee mmoja wa Kilwa, mwenye kisukari kilichomla vidole vya miguu, nikamsikia kwa masikio yangu akijibu hivyo kwa heshima zake zote, na barua ya kumkatalia ikaja. Heshima ile ni yetu na ni nzuri, iweke barazani. Kwenye mahojiano jibu kwa siku yako mbaya: siku ya theluji, siku ya maumivu, siku ambayo miguu imevimba. Sema, naweza kwenda hatua ishirini, kisha lazima nikae. Sema, njia ya miguu kutoka kwangu haina mteremko wa kushukia barabarani, na theluji ikiwekwa pembeni na magari sipiti. Hujadanganya. Umesema yote.

Maombi yakishakamilika wana siku 21. Zikipita bila jibu, wanatakiwa wakusafirishe kana kwamba umekubaliwa mpaka waamue. Wakikataa lazima waandike sababu, na una siku 60 za kukata rufaa. Mzee wetu alikata rufaa, safari hii tukiwa tumekaa naye jioni nzima kumfanyisha mazoezi ya kusema ukweli wa miguu yake, akapata. Nauli isizidi mara mbili ya nauli ya basi la kawaida kwa safari hiyo. Msaidizi wako hapandi kwa kulipa. Hawaruhusiwi kukuuliza unakwenda wapi kwa shughuli gani ili wapange nani anastahili zaidi, yaani anayekwenda kliniki na anayekwenda kumwamkia mama mkwe ni sawa. Ila gari linawajibika kufika ndani ya robo tatu ya maili kutoka njia ya basi la kawaida. Kabla hujasaini mkataba wa nyumba mpya angalia ramani ya mabasi. Familia moja ya marafiki zetu ilihamia mtaa wenye kodi nafuu, nje kabisa ya mstari huo, na baba yao akabaki bila usafiri.

Kazini nilirudi. Wengi hawaamini, lakini nilirudi kwa mwajiri yuleyule, si kwenye kufungasha, bali kwenye meza ya kuandika mizigo inayoingia. ADA inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Huhitaji maneno ya kisheria. Inatosha kusema kwamba kwa sababu ya hali ya mwili wako unahitaji kitu fulani kibadilishwe ili ufanye kazi. Kuanzia hapo mwajiri anatakiwa akae nawe mzungumze, naye anaweza kukataa kama jambo lenyewe ni mzigo mkubwa mno kwake. Msimamizi wangu wa kwanza alisema hakuna nafasi, akamaliza. Nikaandikia ofisi ya rasilimali watu, nikataja nafasi mbili zilizokuwa zimetangazwa ubaoni ambazo nilikuwa na sifa nazo. Kuhamishiwa nafasi iliyo wazi ni moja ya mambo yanayotajwa na sheria, na msimamizi hakulijua hilo, wala mimi sikulijua mpaka nilipopiga simu kwa JAN. Hao ni washauri wa masuala ya kazi na ulemavu, wapo tangu mwaka 1983, hawatozi kitu, na wanamsikiliza mfanyakazi na mwajiri vilevile. Walinishauri niulize pia habari ya meza, na ikainuliwa kwa matofali manne ili magoti yapite. Gharama ya matofali manne kila mtu anaijua.

Kama mwajiri anakataa moja kwa moja, malalamiko yanakwenda kwenye tume ya usawa katika ajira. Muda ni siku 180, na kwenye majimbo yenye ofisi yake ya haki hizo, kama Colorado, ni siku 300. Usingoje ufike ukingoni. Na mume au mke anayekuuguza naye ana kinga yake: sheria ya likizo ya familia ya mwaka 1993 inampa wiki 12 kwa mwaka bila mshahara, kazi yake ikimngoja, mradi amefanya kazi pale miezi 12 na saa 1,250, na mwajiri ana watu 50 au zaidi. Mume wangu alikuwa na sifa zote, na hakuna aliyemwambia. Alikuwa akijificha kuomba ruhusa za kuumwa tumbo ili anipeleke kliniki, mpaka wakamwandikia onyo. Likizo hiyo inaweza kuchukuliwa kidogo kidogo, hata kwa saa, kwa ajili ya miadi ya daktari. Tungejua, asingelazimika kusema uongo, naye ni mtu anayeuchukia uongo.

Nilipokwenda Tanzania kusalimia wazazi nilikuwa nimeshabadilika. Watu hudhani kwetu hakuna sheria. Ipo. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayozungumzia kuingia kwenye majengo ya umma na inayomtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Marekani yenyewe mkataba ule haijauridhia mpaka leo. Ulipigiwa kura Seneti tarehe 4 Desemba 2012, ukapata kura 61 dhidi ya 38, na zilihitajika 66. Nililieleza hilo kwa kaka zangu nyumbani, wakashangaa.

Dar es Salaam nilipanda mwendokasi, ambako jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi, na nilifurahi kama mtoto. Kufika kituoni kwenyewe, mitaro na mchanga, ilikuwa vita. Kwenye benki moja yenye ngazi askari aliniambia kwa upole, "Mama kaa hapa kivulini, nitamwita mhudumu aje akuhudumie." Alitaka nihesabu fedha zangu barazani mbele ya wapita njia. Nikaomba kuonana na meneja, naye akashuka. Nikamwambia sheria inasema nini, nikamwandikia barua pale pale kwenye mapaja yangu, nikampa. Ndugu yangu aliyenisindikiza aliona haya, akasema, "Dada, utatuaibisha." Nakala niliipeleka kwa chama cha watu wenye ulemavu cha mkoa, kilicho chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama hivyo Tanzania, kwa sababu mimi ningeondoka na wao wangebaki kufuatilia. Fanya hivyo ukiwa likizo. Malalamiko ya mgeni yanasahaulika ndege ikiruka.

Kuna mahali sheria ya Marekani haifiki, na ndipo paliponiumiza zaidi. ADA haizigusi taasisi za dini. Msikiti wetu huku tuliununua kwa michango, nyumba ya zamani, na mlango wa wanawake uko nyuma, ngazi nne za zege. Nilipoanza kusema, ndugu wa kamati walinijibu kwa nia safi kabisa, "Usijali dada, vijana watakuwepo, tutakubeba." Nafikiri hawakuwa wamejiuliza maana yake. Mimi ni mwanamke, nimevaa baibui, nije nibebwe na wanaume wasio maharimu wangu ili nikaswali? Miaka miwili nilikuwa nasikiliza hotuba za Ijumaa kwenye simu.

Hapo hakuna kifungu cha kukitaja, inabidi uzungumze na watu kwa kile wanachokiamini. Nilimwomba imamu nafasi baada ya darsa la akina mama, nikakumbusha Sura ya Abasa, namna Mtume alivyokumbushwa na Mola wake kwa sababu ya Abdullah bin Umm Maktum, mtu asiyeona aliyekuja kutaka elimu, na kwamba mtu huyohuyo baadaye alikuwa mwadhini. Imamu alinyamaza kwa muda, kisha akasema suala hili lisiingie kwenye "mengineyo" ya kikao, liwe ajenda ya kwanza. Akina mama ndio walioanza kuchanga. Fundi mmoja wa Kisomali amekuja kupima, kibali cha mji kimeshaombwa, na kamati imeamua mlango wa nyuma uanze kabla ya mlango mkuu wa wanaume. Kilichosaidia zaidi ni kikongwe mmoja wa Kibravani aliyesimama akasema yeye pia zile ngazi zinamshinda, ila alikuwa anaona haya kusema.

Kumbi za harusi, tofauti na misikiti na makanisa, ziko chini ya sheria, sawa na hoteli, migahawa na maduka, ya Waswahili wenzetu pia. Jengo la zamani linatakiwa liondoe vizuizi vile vinavyoondoleka kwa urahisi na bila gharama kubwa, na mwenye biashara ndogo anaweza kudai punguzo la kodi la hadi dola 5,000 kwa mwaka kwa kazi hiyo. Nililiambia hilo mgahawa mmoja wa pilau na biriani uliokuwa ukisema hauna fedha, nao wameshaanza. Kwa hiyo kamati za harusi, kabla ya kutoa malipo ya awali, nendeni na futi ya kupimia. Mlango uwe na upana usiopungua inchi 32 ukiwa wazi. Ingieni chooni pia, maana kumbi nyingi zina mlango mzuri mbele na choo kisichogeuka kiti. Na muulize jukwaa la maharusi linapandwa vipi, kwa sababu mama wa bibi harusi anayetumia kiti mwendo anataka naye kupanda kupiga picha na mwanawe.